Mjomba Anasubu Risasi

Nikiwaambia watu kwamba mjomba wangu anasubu risasi nyumbani, macho yanawatoka. Lawama ni za Kiswahili chetu: madini na kile kinachotoka kwenye bunduki tumevipa jina moja. Jamani, tulieni. Mjomba ni mvuvi wa Ziwa Nyasa, kule Kyela mkoani Mbeya, na anachosubu ni chubwi za mishipi na vizito vya nyavu. Mambo ya bunduki yana sheria yake ya mwaka 2015, na mjomba hana hamu ya kuijaribu.

Ukimtazama utadhani kazi ni rahisi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, jiko la mkaa linatosha. Lakini kaa naye siku nzima uone vifaa vinavyomgomea. Kalibu ikiwa ya baridi, risasi inaganda kabla haijajaza, na chubwi inatoka na makunyanzi. Dawa yake ni kuzirudisha sufuriani zile mbili tatu za mwanzo, maana kalibu inapata joto kwa kutumika. Chubwi ikigoma kutoka, anaishika kalibu juu ya kibatari ipate masizi. Zikiota masharubu kingoni, vipande viwili vya kalibu havikukutana vizuri. Kuna punje imeganda katikati.

Halafu kuna zinki. Mjomba hununua Mwanjelwa vile vizito vidogo vya kubalansi magurudumu, na siku hizi vingi si risasi. Zinki ikiyeyuka humo, mchanganyiko unakuwa kama uji na haujazi kalibu. Bahati nzuri zinki husubiri nyuzi 420, kwa hiyo mjomba hapulizi moto kupita kiasi. Zinki inaelea, anaiopoa na upawa.

Na maji je? Kyela mvua haina adabu. Tone likizama kwenye risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni kwa mtu. Kila kipande lazima kikaushwe kwanza kando ya jiko. Shemeji yangu wa Iringa, anayevua Bwawa la Mtera, hucheka: kwao shida ni vumbi.

Sasa ndugu msomaji, hilo vumbi ndilo lililonifanya niandike. Wengi tunaogopa moshi. Kwa joto la jiko la mkaa, adui mkubwa zaidi ni ule unga wa kijivu unaoenguliwa juu ya sufuria. Unashika vidole, nguo, sakafu, kisha unaingia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto huumia zaidi, hasa ubongo. Wanaovunja betri za magari wapate risasi wanaongeza na tindikali juu yake.

Si hadithi za mbali. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu. Mwezi Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa kulivuruga jambo hilo, Mahakama ya Juu iliurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Hela haimrudishi mtoto darasani akiwa na akili aliyozaliwa nayo.

Jiko la mjomba lilikuwa jikoni, hatua tatu kutoka mkeka wa wajukuu. Nikamwambia.

"Mpwa wangu, babu yako alisubu hapa hapa na akazeeka."

"Ni kweli mjomba. Lakini babu alianza akiwa mtu mzima. Huyu ana miaka miwili."

Akanyamaza. Shangazi ndiye aliyeinuka, akachukua msumari na nyundo, akaitoboa ile sufuria ya zamani kwenye ukingo, juu, ili mtu yeyote asije akapikia ugali humo. Jioni ile jiko likahamia nyuma ya banda, na ule unga wa kijivu una kopo lake lenye kifuniko.

Vizito vya udongo wa kuchoma au mawe bado vinafaa kwa nyavu nyingi, na mjomba anajua kuvitengeneza. Anasema vinachosha mkono. Kikombe chake cha chai, hata hivyo, bado anakiweka pembeni ya kalibu, na hilo hatujalimaliza.