Sura ni Yake, Mwendo si Wake

Mwaka 2006, zilipokaribia fainali za Kombe la Dunia kule Ujerumani, sisi Waswahili wa mtaa wetu hapa Uingereza tulikuwa na ubishi mmoja tu: plazma au LCD?

Muuza duka alitusomea namba. Plazma nyingi za inchi 42 wakati ule zilikuwa na nukta 1024 kwa 768, LCD 1366 kwa 768. Kwa namba, LCD imeshinda. Lakini mpira ulipopigwa, kwenye LCD uliacha mkia kama kimondo. Kwenye plazma ulibaki mpira. Nikanunua plazma, nzito kama kabati, shemeji zangu wakanicheka.

Sababu niliielewa baadaye. LCD huishikilia kila picha mpaka ije nyingine, huku jicho likiendelea kuufuata mpira, ndipo ukungu hutokea. Plazma humulika kwa mimweko mifupi mifupi, jicho halipati nafasi ya kudanganyika. Nukta huhesabiwa picha ikiwa imesimama, na sisi tunatazama vitu vinavyokwenda.

Panasonic iliacha kutengeneza plazma mwaka 2013. Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Yangu ilipozeeka nilihamia OLED ya inchi 65, nukta 3840 kwa 2160. Weusi wake ni weusi wa usiku wa shamba.

Mama alipokuja kututembelea, nikamwekea mkanda wa harusi ya dada yangu, Tanga, mwaka 1994, niliokuwa nimeunakili kwenye kompyuta. Marehemu baba anaonekana akivuka ua kwenda kupokea wageni. Wanangu hawakumjua babu yao. Hii ndiyo picha pekee tuliyo nayo akitembea.

Mama akatazama kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, sura ni yake, lakini mwendo si wake."

Kweli. Baba alichechemea mguu wa kushoto tangu alipoanguka mnazi. Pale alikuwa akiteleza kama mtu aliye juu ya maji. Mkanda ule una picha 25 kwa sekunde, na televisheni, kwa kutaka kulainisha mwendo, ilikuwa ikibuni picha za kati ambazo kamera haikuzipiga, na kuzichomeka.

Nikachukua rimoti, nikaingia kwenye mipangilio, nikazima ulainishaji ule. Picha ikawa na mikwaruzo yake ya zamani, na baba akavuka ua akichechemea.

"Kumbe babu alikuwa hivi!" akasema mdogo wangu wa mwisho, akainuka kumwigiza. Mama akajifunika uso kwa kanga, akicheka na kulia.

Basi ndugu zangu, kwa mpira acheni ulainishaji kidogo mkitaka. Lakini kabla ya kuwaonyesha watoto kanda za nyumbani, uzimeni. Wazee wetu wasitengenezewe hatua ambazo hawakuzipiga.