Maumivu Hayaonekani kwa Macho

Usimwite mvivu mtu asemaye mgongo unamwuma. Mimi niliitwa hivyo miaka sita. Mke wangu peke yake alinisadiki, naye ndiye aliyenifunga viatu kila asubuhi.

Hatimaye madaktari wa huku Uingereza ninakoishi walinijaribu siku saba kwa umeme. Walipoona nimepata nafuu, wakanitia chombo kidogo chini ya ngozi, juu ya tako. Nyuzi zake zimelala karibu na uti wa mgongo, na umeme wake hupunguza habari ya maumivu iendayo ubongoni. Kazi hii ilianza Marekani mwaka 1967.

Je, nimepona? La. Maumivu yamepungua nusu tu. Lakini viatu najifunga mwenyewe.

Basi, mgonjwa wako akikuambia anaumwa, msadiki.