Kufukuzia Mvua Barabara ya Tirinyi

Huku kwetu mashariki mwa Uganda hakuna anayefukuzia dhoruba kwa starehe, kama wale Wamarekani wa Oklahoma na Kansas wanaofunga antena juu ya magari na kwenda kusaka vimbunga. Sisi waandishi wa redio tuliifukuzia mvua kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Daraja likisombwa, shule ikipigwa radi, mlima ukiporomoka, mhariri anataka sauti kabla ya taarifa ya saa moja jioni. Habari bila sauti hailipwi. Basi mawingu yakianza kujikusanya, unatafuta usafiri.

Na mvua za huku hazina uchache. Vitabu vya jiografia vya zamani viliitaja Tororo, mji ulio jirani na Mbale, kuwa miongoni mwa miji inayosikia ngurumo siku nyingi kuliko yote duniani. Siku 251 kwa mwaka ndiyo namba iliyokuwa ikikaririwa. Hesabu hiyo ilifanywa kwa masikio: mtu wa kituo cha hali ya hewa akisikia ngurumo, hata moja, siku ile inaandikwa. Baadaye setilaiti zilipoanza kuhesabu mimweko yenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliipa nafasi ya kwanza Ziwa Maracaibo la Venezuela, na kwa Afrika ukaitaja Kabare, mashariki mwa Kongo. Watu wa Tororo niliowasimulia hilo walikataa katakata, wakaniuliza kama hiyo setilaiti imewahi kulala kwao mwezi wa nne.

Mimi ni mtoto wa Walukuba, Jinja, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa viwanda. Ndiko nilikopata Kiswahili, kwa sababu jirani wa kulia alikuwa Mjaluo na wa kushoto Mnubi, na mama zao hawakuwa na lugha nyingine ya kugombezea watoto wa watu. Nilipoanza kazi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vifaa vyangu vilikuwa kinasa sauti cha kaseti, daftari, mfuko wa plastiki wa kuvifunikia hivyo viwili, na kadi za simu za kukwangua. Ukifika kwenye tukio, unarekodi, kisha unarudi barabarani kutafuta kibanda cha simu. Unampigia mhariri, unaweka spika ya kaseti kwenye mdomo wa simu, unaomba Mungu lori lisipite. Malori yalipita, kwani barabara zetu ndizo zinazobeba mizigo ya kutoka Mombasa.

Kujua mvua itanyesha wapi kulikuwa elimu ya madereva. Dereva mmoja mzee wa teksi, aliyekuwa akipakia Jinja kwenda Mbale, ndiye aliyenifundisha zaidi ya chuo chochote. "Mvua ya ziwa inaamka alfajiri," aliniambia, "ya mlimani inaamka baada ya chakula cha mchana." Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma maelezo ya wataalamu, nikakuta yanasema yaleyale kwa maneno marefu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo wa kila pwani ya Ziwa Viktoria ukaelekea katikati, ukakutana na kupanda juu, na kabla ya mapambazuko ziwa zima linawaka radi. Ndiyo maana wavuvi wengi huuawa na dhoruba za usiku. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani kuingia bara, na miteremko ya Mlima Elgon ikishaota jua, mawingu hupanda juu yake hadi yakavunjika. Kwa hiyo kijana mwenye haraka ya habari angeweza kulowa Jinja saa kumi na mbili asubuhi, akasafiri kilomita kama 150 kwa njia ya Iganga na Tirinyi, akakauka njiani, akalowa tena Mbale saa tisa alasiri.

Mzee alikuwa pia na kipimo chake cha Mbale. Juu ya mji kuna mwamba mrefu wa Wanale. Siku za kiangazi ni ukuta mkavu. Mvua ikinyesha juu, maporomoko ya maji hutokeza ukutani, meupe, yakionekana tangu mbali barabarani. Alikuwa akiyahesabu kabla hatujafika mjini. Yakiwa mengi, hateremshi abiria karibu na mto Nabuyonga, hata kama jua linawaka na watu wanamlalamikia. Hili ndilo jambo ambalo mgeni wa Mbale huchelewa kulielewa: mafuriko hayahitaji mvua inyeshe ulipo wewe.

Intaneti ilikuja kwetu kwa mlango wa nyuma. Kwanza vibanda vya kompyuta vya Barabara Kuu pale Jinja na karibu na mnara wa saa Mbale, ukilipia kwa dakika huku ukurasa ukijifungua mstari kwa mstari. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, nyingine zikachimbiwa ardhini kuja huku, na ghafla kila kampuni ya simu ikawa inauza modemu, kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta. Nilinunua changu kwa fedha za kukopa. Nikajiona mtu wa Ulaya.

Kisha ikaja Machi 1, 2010. Jioni ile mlima uliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, ukafunika kituo cha afya, maduka na nyumba. Watu zaidi ya 300 walikufa au hawakuonekana tena. Miili iliyofukuliwa haikufika hata nusu yao. Nilitoka Jinja alfajiri. Gari lilifika lilipofika, kuanzia hapo ni miguu na fimbo, tope la magotini, na wanaume wakirudi kutoka juu na majembe mabegani bila kusema neno. Modemu yangu, huko mlimani, iliwaka taa nyekundu na kubaki hivyo. Nilirudi Mbale usiku, nikaingia kibanda cha kompyuta, nikaanza kutuma picha moja. Ilichukua dakika arobaini, na ilipokaribia kumalizika umeme ukakatika. Mwenye kibanda aliniletea mshumaa na chai ya rangi, akakataa malipo.

Mwaka ule watu walisema teknolojia ingetuokoa, mradi iwe na kasi zaidi. Kasi ilikuja. Simu za kugusa za bei nafuu zilijaa, WhatsApp ikafuata, na ndani ya miaka michache nikawa sihitaji tena kufukuzia mvua. Ilikuwa inaletwa mkononi. Tuliunda kundi: waandishi, madereva wa teksi, vijana wa bodaboda, makatekista, wauza vitunguu wa Sironko, walimu wa Bududa. Mtu wa juu mlimani akitoa habari kwa sauti, kwa Kimasaaba, mwingine anatafsiri. Kulikuwa na uongo pia, tena mwingi. Picha ya lori linaloelea Bangladesh iliwahi kupewa jina la daraja letu, ikazunguka mchana kutwa. Tukaweka sharti: picha isiyo na kitu tunachokijua ndani yake, kanisa, kibao, mti wa njia panda, haiendi hewani.

Lakini kadiri nilivyozidi kupanda mlimani ndivyo nilivyoona kundi letu lilivyokuwa na tundu. Kwenye senta moja ya maduka huko Bududa kuna mama mwenye duka la kuchaji simu. Ana paneli ya sola juu ya bati na betri ya gari chini ya meza. Kila simu imebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, na kwenye rafu zimepangwa kwa ukoo, si kwa namba, maana anawajua wote. Nilimuuliza, "Mama, hizi zote mbona hazijachukuliwa, na jua limezama?" Akanijibu, "Mwanangu, nani atapanda mlima huu usiku? Watazifuata kesho." Nikaitazama rafu. Simu za kijiji kizima zilikuwa zinalala senta, na wenyewe wanalala juu, kwenye mteremko. Ujumbe wowote wa hatari wa usiku ule, uwe wa serikali au wa Msalaba Mwekundu, ungemfikia yeye peke yake.

Halafu fedha. Julai 1, 2018, serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Mtu wa Jinja mwenye mshahara alinung'unika akalipa, au akatafuta VPN. Mtu wa Bududa aliacha. Kundi letu lilipungua sauti za juu, zikabaki za mjini, yaani za wale wanaosubiri kuletewa maji. Oktoba ya mwaka huohuo mto ulifurika Bukalasi, hukohuko Bududa, ukiwa na mawe na magogo, ukaua watu zaidi ya 40. Sisemi kodi ndiyo iliyowaua. Nasema nilikuwa na kundi lenye watu wengi, na habari hiyo nilipigiwa kwa simu ya kawaida. Kodi ile iliondolewa 2021 ikawekwa nyingine ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Januari ya mwaka huo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Bahati ni kwamba Januari ni kiangazi.

Usiku wa Jumamosi Julai 30 kuamkia Jumapili Julai 31, 2022, Nabuyonga na mito mingine inayopita Mbale na pembezoni mwake ilivunja kingo. Watu zaidi ya 20 walikufa. Mabomba makuu yalisombwa, na serikali ikatangaza kwamba watu wapatao 400,000 wamekosa maji safi, mafuriko yakiwa bado hayajakauka. Asubuhi niliwasha data nikiwa Jinja. Simu ilitetemeka mezani hadi ikasogea. Nilisikiliza sauti za kundi kwa mpangilio zilivyotumwa, na za mwanzo zilikuwa za jioni, kutoka juu: mvua haijawahi kuwa hivi, mto umebadilika rangi, mto unanuka udongo. Zilikuwa zimekaa humo usiku kucha. Waliozihitaji walikuwa wamezima data ili bando lisiishe, kama mimi nilivyozima, kama wewe unavyozima.

Siku hizi vijana wa redio wana mambo ambayo mzee wa teksi angeyaita uchawi. Setilaiti mpya ya Ulaya ya Meteosat, iliyorushwa Desemba 2022, ina chombo cha kuhesabu radi juu ya Afrika yote, na picha zake za mawingu huja kila dakika kumi. Wakati wa mradi wa HIGHWAY, uliohusisha nchi za Ziwa Viktoria, rada ya Mwanza ilitumika kuchunguza jinsi dhoruba za ziwa zinavyozaliwa. Kijana mmoja alinionyesha kwenye simu, tumesimama kituo cha mafuta Iganga, doa jekundu likikua juu ya Elgon. Nilishangaa kwa dhati. Kisha nikamuuliza nani pale Bududa analiona doa hili, akanyamaza, akaendelea kula roleksi yake, ile chapati ya kuviringishia mayai. Novemba 2024 ardhi iliporomoka tena, safari hii wilayani Bulambuli, ikafunika vijiji usiku, na vijana hao walikuwa wa kwanza kutuma video za drone. Video nzuri sana. Asubuhi yake.

Kitu kilichonishawishi zaidi katika miaka yote hii hakina kioo. Butaleja, huko chini mto Manafwa unakoenda kumwagika kwenye mashamba ya mpunga, viliwekwa mwaka 2014 ving'ora vya mafuriko vinavyotumia nguvu za jua, kwa ushirikiano wa Tume ya Mawasiliano ya Uganda na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa. King'ora hakiulizi kama una bando, wala kama simu yako imelala dukani kwa mama wa senta. Kama ningekuwa na kauli kwenye bajeti, ningeacha minara ya kasi mpya kwa mwaka mmoja nikanunua ving'ora, kuanzia Bududa, Bulambuli, Sironko hadi katikati ya jiji la Mbale.

Hadi hapo vitakapopatikana, ewe msomaji unayeishi juu ya mto, nakuomba hili. Ukiona maji yamebadilika rangi usiku, usitume sauti kwenye kundi. Piga simu ya kawaida kwa mtu mmoja anayelala chini, na asipopokea, mpigie jirani yake. Na wewe unayelala chini, usizime simu.