Haikuwa Petroli, Yalikuwa Maji

Leo sina somo refu. Nataka nikueleze habari ya van yetu ya kanisa, kwa sababu wengi mmeniuliza mbona imekaa uani wiki sita, na kwa sababu kuna mtu nimemkosea na ni lazima mnisikie nikisema.

Kama unaabudu nasi hapa Nakuru unaijua: viti 14, ya petroli, tuliinunua ikiwa imetumika Japani. Mwezi wa nne ilianza kuzima. Asubuhi inawaka vizuri kabisa. Ukienda kilomita ishirini hivi, injini ikishapata moto, inaanza kukohoa, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, halafu kimya. Ukingoja nusu saa ipoe, inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Wewe mwenye gari unajua jinsi ugonjwa wa namna hii unavyochosha. Ukifika kwa fundi, gari ni zima, na wewe ndiye unaonekana mgonjwa.

Tulianza pale kila mtu anapoanza, kuipima kwa mashine. Fundi wa kwanza akachomeka kifaa chake chini ya usukani akasoma namba mbili za hitilafu. P0122, ya sensa ya throto, na P0107, ya sensa inayopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini. "Pasta, sensa zimekufa." Tukanunua ya kwanza, gari likazima. Tukanunua ya pili, likazima tena. Na zile zilikuwa pesa zenu za sadaka.

Niruhusu niseme jambo la gereji hapa. Namba ile si jina la spea ya kununua. P0122 inasema tu kwamba kompyuta ya injini inaona umeme mdogo mno kutoka kwa ile sensa. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya uliochubuka, plagi iliyoshika kutu, au kompyuta yenyewe. Na namba mbili za aina moja zikitokea pamoja, swali la kwanza linafaa kuwa: hizi sensa mbili zinashiriki nini? Sisi hatukuuliza. Tulikuwa na haraka ya kununua.

Kisha ikaja siku ya Salgaa. Akina mama 11 walikuwa wakielekea Eldoret kumfariji mwenzao aliyefiwa. Gari likazima barabarani, malori nyuma yao. Mnaopita njia ile hamhitaji niwaeleze zaidi. Injini ikizima ukiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito ghafla na breki inakuwa ngumu mguuni. Dereva wetu aling'ang'ana nalo hadi akalitoa kando ya barabara. Mama mmoja aliniambia baadaye kwamba moyoni alikuwa ameshaanza kuwaaga watoto wake.

Ningemshukuru yule dereva. Badala yake nilisikiliza maneno. Mtu alinijia na kuniambia amemwona na mtungi wa plastiki mahali fulani, kwamba anauza petroli ya kanisa na kujazia mafuta taa. Nikaamini, tena upesi. Sensa zilikuwa mpya, mashine haikuwa imeona kitu kingine, nami nilihitaji mtu wa kulaumu. Jumapili ile, wakati wa matangazo, nilisema kuna watu wanakula vya madhabahuni na kuhatarisha maisha ya akina mama. Sikutaja jina. Sikuhitaji, maana kila shingo iligeuka upande wake. Jumatatu nikamwita, nikachukua funguo. Akaziweka mezani, akasema, "Sawa, Pasta," akatoka.

Majuma mawili baadaye tukapata fundi mwingine, kijana mwenye gereji ndogo. Nikamweleza habari ya mafuta taa kama jambo lililothibitika. Hakubishana nami. Alitoa petroli kidogo kwenye tangi, akajipaka mkononi, akangoja. Ikakauka mara moja. "Mafuta taa yangeacha utelezi, mzee," akasema, akaendelea na kazi. Mimi sikuendelea na lolote. Nilikaa kwenye tairi kuukuu lililokuwa pale.

Nikamwangalia akifanya kazi karibu nusu siku. Aliliacha gari lingurume hadi lipate moto, kipimo chake cha umeme kikiwa kwenye plagi ya sensa ya throto. Zile sensa mbili hupata umeme wa volti 5 kutoka kwa kompyuta, na hicho ndicho zinachoshiriki. Gari likiwa baridi kipimo kilisoma 5 kamili. Lilipopata moto kikashuka hadi 3, kikaingia 2, injini ikafa. Ningekuwa mimi ningesema papo hapo, kompyuta imeharibika. Yeye alianza kuchomoa sensa moja baada ya nyingine, kwa sababu sensa moja yenye shoti inaweza kuvuta umeme wa zote chini. Umeme haukurudi. Akapima unaoingia kwenye boksi la kompyuta kutoka kwa betri, ukawa sawa. Akapima waya wa athi, nao ukawa safi, haukupoteza hata sehemu moja ya kumi ya volti. Akachomoa boksi lenyewe na kupima kama kuna waya unaogusa bodi ya gari mahali popote. Hakuna. Ndipo akasema, "Sasa naweza kuishtaki kompyuta."

Wapendwa, kijana yule alitumia muda mwingi kabla ya kukishtaki kipande cha chuma kuliko niliotumia mimi kumshtaki ndugu yangu.

Akalifungua boksi. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijani kwenye shaba, na alama ya maji yaliyotuama kwenye kona. Sehemu zilizoliwa zilishika vizuri zikiwa baridi, zikipata joto zinaachana. Akaniuliza, "Kioo cha mbele kilibadilishwa lini?"

Mwezi wa pili. Jiwe lilikipasua, nami nikatafuta mtu wa bei ya chini wa kukiweka kingine. Gundi haikushika vizuri kwenye kona ya kushoto, na boksi la kompyuta liko chini ya dashibodi upande huohuo. Mvua za masika zilipoanza, dereva alinijia mlangoni mwa ofisi. "Pasta, maji yanaingia pale kushoto." Nilikuwa na wageni. Nikamwambia aweke kitambaa.

Habari ya kubadilisha haina mengi. Shaba ilikuwa imeliwa kiasi kwamba kuunganisha upya kusingedumu. Tulitafuta boksi lililotumika kule Kirinyaga Road, Nairobi, ambako wengine bado wanakuita Grogan, na fundi alisisitiza namba iliyo kwenye kibandiko ifanane na ya kwetu tarakimu kwa tarakimu, si "inafanana fanana". Kabla ya kulifunga alitoa waya wa betri. Injini ikawaka sekunde mbili ikazima, nami moyo ukanishuka, lakini yeye alikuwa ameshaniambia itakuwa hivyo: boksi la gari jingine halizijui funguo zetu. Akahamisha habari za funguo kutoka chipu ya kumbukumbu ya boksi la zamani hadi lile jipya. Ikawaka. Ila kabla ya hayo yote alikuwa amekitoa kioo na kukiweka upya, kisha akakimwagia maji ya mpira robo saa. Alisema hawezi kuweka boksi jipya chini ya mfereji uleule.

Jioni hiyo nilienda kwa yule ndugu. Mkewe alinikaribisha chai, bila kunitazama usoni. Nilimweleza yote, kitambaa pia. Kuhusu ule mtungi, ulikuwa wa maji ya kuongeza kwenye rejeta. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimekusamehe, Pasta. Lakini ulinisema mbele ya watu."

Nilisimama Jumapili iliyopita nikasema mbele ya watu. Lakini ile ibada ya matangazo ilirushwa pia hapa mtandaoni, na wengi wenu mlioisikia mko Nairobi, Mombasa, hata Qatar, wala hamkuwepo kunisikia nikiomba msamaha. Ndiyo maana naandika. Ndugu yule hakuiba petroli. Aliokoa akina mama 11 pale Salgaa, na kabla ya hapo alikuwa amenionya.

Hajakubali kurudi kazini bado. Ameniambia atakuja Jumamosi tulijaribu gari hadi Salgaa na kurudi, yeye akiendesha, nami nikae kiti cha mbele, upande wa kushoto.