Mbano wa mtutu haukuliokoa jicho la mdogo wangu

Msomaji mpenzi, ukimkuta mdogo wangu akishona nyavu ufuoni Usenge, utadhani anakukonyeza. Sivyo. Jicho lake la kushoto halioni tangu mwaka 1975. Leo nitakusimulia sababu, kwani huenda kwenu pia kuna mtu mwenye bunduki na kibali chake.

Ami yetu alikuwa na bunduki ya marisau yenye mitutu miwili. Jumamosi moja alitupeleka kando ya Ziwa Sare kutafuta kanga. Mimi nilikuwa na miaka 12, mdogo wangu 10. Kabla hajatia risasi, ami alitufundisha.

"Mtutu huu wa kulia hutawanya," alisema. "Wa kushoto umebanwa mdomoni, marisau huenda pamoja. Nikiutumia huu msiwe na hofu."

Mengi ya maneno yake yalikuwa kweli. Bunduki ya namba 12 ina tundu la milimita 18.5 hivi. Mafundi hulibana kidogo karibu na mdomo, na mbano huo huitwa choki. Hata mtutu uliobanwa kabisa hupunguzwa kama milimita 1 tu! Lakini tazama matokeo yake. Weka duara lenye upana wa sentimita 76, kisha usimame umbali wa mita 36. Mtutu usiobanwa hutia ndani ya duara marisau kama 40 kati ya kila 100. Uliobanwa nusu hutia 60, na uliobanwa kabisa 70. Ndiyo maana mtutu wazi hufaa kwa ndege wa karibu, nao uliobanwa kwa wa mbali. Ukimpiga ndege wa karibu kwa mtutu uliobanwa, ama utamkosa, ama utamchanachana asifae kitoweo.

Wengine hudhani kwamba mbano huyapa marisau nguvu nyingi zaidi. La, mwendo wake haubadiliki sana. Kinachobadilika ni mtawanyiko.

Sasa hebu nikuulize, msomaji: yale marisau 30 yaliyobaki huenda wapi?

Kanga aliruka chini chini kuelekea kwenye mafunjo. Mdogo wangu alikuwa ametangulia, kando kidogo ya njia ya ndege yule. Ami alimwona, lakini aliuamini mbano. Akafyatua mtutu wa kushoto. Kanga akaanguka. Mdogo wangu naye akaketi chini polepole, kiganja usoni, bila hata kulia.

Daktari alitoa punje moja tu, isiyozidi punje ya mtama.

Ami hakuishika tena bunduki ile. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, kila alipokuja kwetu aliketi upande wa kulia wa mdogo wangu, ili aonekane.

Sikuhimizi kuwinda, msomaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa mchezo mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Lakini bunduki hizi zingalipo kwa wenye vibali, na kwa walenga shabaha wanaopiga visahani vya udongo. Ukiwa karibu nao, simama nyuma ya mpigaji, na watoto wako nyuma yako. Marisau madogo ya ndege huweza kufika mita 200. Akikwambia mtutu wake umebanwa, mwambie wewe unamjua mtu aliyesimama nje ya duara.