Kabla Hatujatoa Milioni 14

Mpenzi msomaji, hebu jiweke kwenye nafasi yangu. Ni Jumatano, saa tatu usiku, umechoka na mahesabu ya mwisho wa mwezi, mtoto ndiyo kwanza kalala, halafu mumeo anakusogezea simu usoni huku macho yanamng'aa kama kijana aliyepata namba ya mrembo.

"Mke wangu, mcheki huyu mnyama."

Mnyama mwenyewe ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, zile zinazopandwa na watalii kwenye michanga. Nyekundu, injini ya cc 400, mpya, siti bado ina nailoni. Bei? Milioni 14.

Kwenye akaunti yetu ya pamoja kulikuwa na milioni 16 na ushee, na kila shilingi ilikuwa na kazi yake: lenta, mbao na bati za nyumba yetu ya Mangamba, ambayo huu ni mwaka wa pili imesimama usawa wa madirisha. Popo wameshahamia kabla yetu.

Ila sikusema hapana. Niwe mkweli, hoja zake zilikuwa na mashiko. Shamba la korosho la kwao liko upande wa Msimbati, kama kilomita 40 kutoka Mtwara mjini, na ukishaacha barabara kubwa ni mchanga mtupu. Bodaboda ikifika pale dereva anakuomba ushuke utembee, na nauli hapunguzi. Wakati wa kupulizia salfa, pampu na mafuta vinabebwa kichwani. Oktoba mpaka Desemba, msimu wa kuokota, gunia zinatolewa kwa baiskeli, mmoja anakokota na mwingine anasukuma. Na wikiendi, akasema, tutawakodishia wageni wanaokuja kuogelea Ruvula. "Itajilipa yenyewe." Dada zangu wenye waume wenye ndoto, kauli hiyo mnaijua.

Nikampa sharti moja tu: haitoki hata senti mpaka wote wawili tuipande, tena kulekule shambani. Akakubali haraka mno. Hapo ndipo ningeshtuka.

Mimi kazi yangu ni ukaguzi wa ndani, kwa hiyo nikaandika orodha. Mister wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikasoma pia kidogo. Kumbe kizazi cha hivi vyombo kilianza na magurudumu matatu, Honda walitoa ya kwao mwaka 1970, na vilipinduka na kuumiza watu, watoto wakiwemo, hadi mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuviuza vipya nchini humo. Vya manne vilishaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni afadhali, lakini navyo vinapinduka ukivichezea kwenye mwinuko.

Jumamosi muuzaji akaja na chombo nyuma ya pikapu. Tulikutana Madimba, si mbali na mtambo wa kusafishia gesi ulioanza kazi mwaka 2015. Mume wangu aliwahi kuendesha gari la mkandarasi mmoja kwenye shughuli za gesi. Mkataba uliisha, haukurudi, na tangu hapo anashika hiki na kile. Nilimwona akiutazama ule uzio kwa muda, kisha akageuka.

Muuzaji alitaka tuelekee ufukweni Msimbati moja kwa moja. Maji yakitoka mchanga wake unakuwa mgumu, hata gari dogo linapita, na kila chombo pale kinaonekana bomba. Nikagoma. Kwanza ule ni ukanda wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na kasa hupanda hapo juu ya mstari wa maji kutaga mayai. Gurudumu haliulizi chini kuna nini. Pili, korosho zetu haziko ufukweni. Tukaenda shambani.

Injini niliigusa kabla haijawashwa. Iwe ya baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha maradhi yake. Ikawaka mara moja. Nikalishika gurudumu moja moja na kulitikisa kushoto na kulia, hakuna lililocheza. Mipira ya shafti mizima. Upepo wa matairi ni kidogo ajabu, hata robo ya ule wa gari haufiki, na ndiyo siri yake kwenye mchanga: tairi linalala, halichimbi.

Mume wangu akatangulia. Msomaji, sijamwona na furaha ile tangu siku ya harusi yetu. Alipita penye mchanga unaomeza bodaboda kama anapita kwenye lami, akazunguka mkorosho mkubwa wa mjomba wake, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope.

Zamu yangu. Mafuta unakanyagia kidole gumba, si kwa kuzungusha mkono kama pikipiki, na baada ya dakika 10 kidole kinauma. Usukani ni mzito ukiweka magurudumu yote manne yavute. Kona haitaki uikae kama mwali. Lazima uusogeze mwili upande unaokunja, la sivyo inakusukuma nje. Lakini nilipoizoea, nakiri, nilipiga kelele za raha. Ni chombo kizuri, tusidanganyane.

Tatizo lilianza tulipopakia. Mjomba wake, mzee ambaye katika ukoo ule akikohoa watu wananyamaza, alituletea gunia moja la korosho za msimu uliopita. Kilo 80. Kibandiko kwenye kichanja cha nyuma kinasema mwisho kilo 65. Gunia moja tu, msomaji, na tumeshazidisha! Muuzaji akasema tutanunua tela, nyongeza ya milioni 2 na nusu. Tukajaribu hivyohivyo kwa mwendo mdogo. Mita 200 ndani ya mchanga, ikaja harufu ya mpira unaoungua. Mkanda wa gia. Tulipoiweka kwenye gia ya nguvu harufu ikapungua, kwa hiyo nusu ya kosa lilikuwa letu. Nusu.

Mjomba akauliza, "Uzito wake kiasi gani?"

"Kilo 340," muuzaji akajibu.

"Ikikwama mbugani, mwanangu, utaibeba na nani?"

Kisha nikasoma kibandiko cha pili, karibu na siti: dereva peke yake, hakuna abiria, haifai kwenye lami. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameshamwahidi mtoto wetu kwamba wataipanda wote mpaka baharini.

Muuzaji akaona mambo yanaharibika, akamgeukia: "Sasa bosi, ile advansi yako si unajua hairudi?"

Kimya. Hata mjomba akajifanya anakagua mkorosho.

Nilitembea mpaka kwenye mikoko, nikakaa kwenye gogo. Milioni 2, alizokopa kwa rafiki yake ili zisionekane kwenye akaunti. Mimi, mkaguzi! Akanifuata, akakaa mbali kidogo. Nilitaka kumtolea maneno yote niliyokuwa nayo, na niliyaanza. Hakujitetea. Aliniambia tu, "Kila nikinunua hata sukari, nanunua kwa hela yako. Nilitaka siku moja nije na kitu changu mlangoni."

Siku zote nilidhani nikinyamaza kuhusu hela ninamtunzia heshima. Kumbe ule ukimya wangu aliusikia vingine. Sikumsamehe pale pale, nisikudanganye, na usiku ule tulilala mzungu wa nne. Lakini nilisogea kwenye gogo.

Muuzaji, baada ya mjomba kuzungumza naye pembeni kwa sauti ambayo hatukuisikia, alirudisha milioni moja na laki tano. Tukapanda Noah kurudi mjini, mister wangu kimya njia nzima, na tulipofika Mangamba akatoa stakabadhi ya advansi kwenye mfuko wa shati, akanipa. Nimeibana pamoja na orodha yangu.

Akaunti sasa tunaifungua wote kila Ijumaa, na deni la rafiki yake lina mstari wake humo. Shamba bado lina mchanga na msimu haungoji mtu, kwa hiyo Jumamosi ijayo tunakwenda kujaribu toyo, ile pikipiki ya matairi matatu ya mizigo, ya jamaa mmoja anayeiuza baada ya mwaka mmoja wa kazi. Huenda nayo ikazama kwenye mchanga, tutaona. Safari hii orodha kaiandika yeye. Namba moja: gunia tatu, na mjomba akiwa juu.