Mgando wa Mwigobero

Mama mdogo alitamani mgando kabla hatujapanda basi la Mwanza, tukashuka hadi ufukwe wa Mwigobero. Jua lilikuwa halijapasha mawe ya ziwani. Dagaa walitandazwa mchangani, harufu yao imetanda hadi kwenye mitumbwi. Muuza maziwa alitikisa kibuyu, akamimina kikombe. Mama mdogo akakipokea, akakitazama, akanirudishia.

"Jirani kaniambia vitu vichachu vinalisha uvimbe. Ananichemshia maji ya magadi."

Tumbo lake lilikuwa limejaa maji. Miezi ya mwanzo aliposema ni gesi, sote tulikubali ni gesi. Hilo linaniuma hadi leo. Barua ya rufaa aliifunga kwenye pindo la kanga: saratani ya ovari, aende hospitali ya Bugando, Mwanza.

Tuliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikamweleza. Uchachu upo kweli, ila uvimbe huutengeneza wenyewe. Mjerumani Otto Warburg aligundua miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hula sukari kwa pupa na kuichachua hata hewa ikiwapo. Hutoa asidi ya laktiki, ileile inayogandisha maziwa kibuyuni, na kuisukuma nje. Damu yetu hukaa kwenye pH ya 7.4 hivi, lakini kuzunguka uvimbe uchachu huzidi na pH hushuka, pengine hadi karibu na 6.5. Hapo seli za kinga hulegea, nyama iliyo kando ya uvimbe huliwa polepole, na seli za saratani, zilizokwisha kuzoea ukali ule, hupenya. Za ovari zina njia nyepesi zaidi: huelea kwenye maji ya tumbo hadi kwenye utando wa mafuta unaofunika utumbo, zikatia nanga. Hata dawa nyingine, kama doksorubisini, hunaswa na asidi hiyo huko nje, ikaingia kidogo tu ndani ya seli.

"Na ndimu?"

"Ndimu haifiki huko, mama. Mapafu na figo vinailinda damu usiku na mchana. Hayo magadi ndiyo ninayoyaogopa. Yakizidi yanavuruga chumvi za damu, hata mapigo ya moyo."

Alitazama ziwa kwa muda.

"Basi lete hicho kikombe, mwanangu."

Alikunywa mafunda matatu, akashika tumbo, akasema ameshiba. Yeye, aliyekuwa akimaliza kibuyu kizima siku ya kuvuna mtama. Nikamalizia kilichobaki, nikaita bajaji ya kwenda stendi ya Bweri.